Bata Mzinga Mlangoni

Mwezi wa nane mwaka wa 1949 tulimpoteza ndugu yangu Ongeri, aliyekuwa na miaka mitatu. Kabla mwezi huo haujaisha tukampoteza na mama mdogo Kwamboka, ingawa yeye hakufa. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Jambo hili sijawahi kulisimulia lote. Wiki iliyopita jirani yangu alileta bata mzinga wawili kutoka Keroka, anataka kuwafuga. Nilikuwa nje nachambua mboga niliposikia yule dume akilia nyuma ya ua. Mkono wangu ukasimama. Ni sauti kama ya maji yanayomwagika kwa haraka kutoka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba, halafu yanakatika ghafla. Niliiacha mboga pale pale, nikaingia ndani, nikakaa kitandani mpaka jua lilipozama. Ndipo nikaona ni heri niandike, mkanisikilize ninyi.

Boma letu lilikuwa juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni Kebirigo. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu alikuwa wa kwanza, na nyumba yake ilikuwa upande wa juu. Mama mdogo Kwamboka alikuja baadaye, akitokea mbali, upande wa Nyacheki, na nyumba yake ilikuwa upande wa chini. Katikati palikuwa na migomba. Mama mdogo alikuwa na mtoto mmoja, Nyanchama, ambaye mwaka ule alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Baba hakukaa nyumbani. Alikuwa akikamua ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja karibu na Nyansiongo, akawa anakuja mwisho wa mwezi na sukari, chumvi, na harufu ya maziwa iliyokwisha kuingia kwenye nguo zake isitoke tena.

Mwisho wa mwezi mmoja alikuja na tenga kichwani. Mke wa yule mzungu alikuwa akipunguza ndege wake kabla ya safari ya kwao, akampa baba watatu, dume mmoja na majike wawili. Baba alilitua tenga mbele ya nyumba yetu, kwa sababu kwetu kila kinachoingia bomani huanzia kwa mke mkubwa. Alipokata kamba, dume alitoka, akajitikisa, akasimama katikati ya ua kama karani wa kodi aliyekuja kuhesabu vibanda.

Hatukuwa na jina lake kwa lugha yetu. Kichwa hakikuwa na unyoya hata mmoja. Kilikuwa ngozi tupu yenye vinundu, nyekundu, na kipande cha nyama kikining'inia juu ya mdomo. Tulipokuwa tukitazama, ule wekundu ulififia ukawa buluu, kisha ukawa mweupe kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima. Akatandaza mkia, akashusha mabawa, akayaburura chini, nayo yakakwaruza udongo kama tawi linalokokotwa. Mama alimtazama hadi mwisho.

"Omogaka," alisema, maana ndivyo wake walivyomwita baba kwa heshima, "mimi ndege anayebadilisha uso simtaki mlangoni mwangu. Mpelekee mwenzangu."

Naliandika hili kwa sababu baadaye lilisahauliwa. Mama yangu ndiye aliyewakataa. Mama mdogo hakuwaomba.

Mama mdogo aliwapokea, akawatengenezea kibanda, akawa anawapa pumba za wimbi, na kumbikumbi wakati wa mvua. Lakini hawakulala kibandani. Jioni ilipoingia waliruka juu ya migomba, na kutoka hapo wakarukia paa la nyumba yetu, kwa kuwa ndilo lililokuwa refu kuliko mengine. Walijipanga mstari juu kabisa, vichwa vimeingia mabegani, weusi mbele ya anga. Mama aliwatupia magunzi kila siku. Jirani yetu Kerubo, mwanamke asiyepita bila neno, alisimama njiani siku moja akauliza, "Mama Moraa, siku hizi nawe unalindwa na askari?" Mama hakucheka. Alisema paa la nyasi halikujengwa libebe mizigo.

Mwanzoni watu wengi walicheka. Kanisa letu la Sabato lilikuwa kibanda cha nyasi ng'ambo ya kijito, na sauti ilifika bomani bila shida. Kila Jumamosi mhubiri alipomaliza ombi, watu wakaitikia "Amina" kwa pamoja, dume wetu naye aliitikia kutoka kilimani. Watoto tuliuma midomo. Hata mzee wa kanisa, ambaye sikuwahi kuona meno yake, siku moja alishindwa kujizuia, akasema angalau kuna kaya moja ambayo hata mifugo yake imeshika Sabato.

Mimi nilijua kwa nini anaitikia. Nilikuwa nimegundua peke yangu. Bata mzinga dume hujibu sauti yoyote kubwa inayotokea ghafla. Ukipiga sufuria anajibu. Ukipiga mluzi anajibu. Ukipiga kigelegele anajibu, tena anakuja mbio, amejitandaza, akutazame. Ulikuwa mchezo wangu. Mama alikuwa na shamba na Ongeri, baba alikuwa mbali, na hapakuwa na mtu mwingine bomani aliyenijibu kila mara nilipoita.

Mwezi wa saba alikufa mzee aliyekaa boma la tatu kutoka kwetu. Alikuwa mzee sana, na kifo chake hakikumshangaza mtu. Wanawake walipopaza kilio asubuhi, dume alipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya mama mdogo akajibu. Wakalia tena, akajibu tena. Kilikuwa kitu kile kile alichokifanya Jumamosi, kwa sauti ile ile, lakini hapakuwa na aliyecheka. Nilikuwa nimesimama na mama kati ya waombolezaji. Niliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja kuelekea kwetu. Kerubo alijifuta macho akauliza polepole, "Wanamjibu nani wale?"

Mama alinishika mkono kwa nguvu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimechelewa kuisha, na homa ikaja nyuma yake. Ilianza bondeni. Mtoto anaamka mzima, mchana anatetemeka juani, baada ya siku tatu au nne mnasikia kilio. Mtoto mmoja alikufa ng'ambo ya kijito, kisha mwingine. Kila kilio kilipopanda, kutoka kilimani kwetu kilijibiwa. Haukupita muda watu wakaanza kusema kwamba ndege ndio wanaoanza, na kilio kinafuata. Nilisikia hivyo kisimani, kwa masikio yangu, kutoka kwa wanawake walioishi karibu nasi na kusikia kila siku kipi kinatangulia.

Mabadiliko hayakuwa na kelele. Njia iliyokata chini ya nyumba ya mama mdogo iliota nyasi. Hakuna tena aliyekwenda kwake asubuhi kuomba kaa la moto. Yeye alipokwenda kuomba kwa wengine, alikuta moto umezimika katika kila nyumba, ingawa moshi ulikuwa ukitoka kwenye mapaa. Siku moja nilimwona akirudi na kigae kitupu mkononi, Nyanchama mgongoni. Alinitabasamia, akaniuliza kama nimekula.

Mama aliniita akaniambia, "Moraa, usiwaite tena wale ndege. Nikikusikia, nitakuchapa mpaka usahau jina lako." Nilitii siku nne.

Siku ya tano mama alikwenda kuteka maji akaniachia Ongeri. Alikuwa analia, analia kile kilio cha mtoto aliyeamka akakuta mama hayupo. Nilimpa kiazi akakitupa. Nilimbeba akajinyoosha kama ubao. Ndipo nikasimama mlangoni nikapiga mluzi. Dume alitokea kwenye migomba, kifua mbele, akaja moja kwa moja. Nikarudi nyuma, nikapiga tena, akapanda kizingiti, akatandaza mkia mpaka mlango ukajaa na ndani kukawa giza kidogo. Kichwa kikageuka buluu. Akalia ndani ya nyumba. Ongeri alinyamaza, macho yametoka, halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikapiga tena ili acheke tena.

Mama alitutokea kwa nyuma ya yule ndege. Alichokiona yeye ni mgongo wake mlangoni mwetu, na mbele yake mtoto wake mdogo ameketi sakafuni. Mtungi ulimponyoka. Sijui kama alisikia mluzi. Nimejiuliza jambo hilo miaka yote. Alimpiga ndege teke, ndege akaruka pembeni, mama akaingia, akamnyakua Ongeri.

"Nani amemleta huyu hapa?"

"Amekuja mwenyewe," nikasema.

Nilikuwa naogopa fimbo. Hapakuwa na sababu nyingine, na sitaki kuongeza.

Baada ya siku tatu Ongeri alishikwa na homa. Mama alimfunika blanketi, akamnywesha maji ya majani machungu, akaomba, akaimba. Mjomba alimbeba akaanza safari ya kumpeleka zahanati, lakini walirudi kabla ya kufika mbali. Tulimzika upande wa kulia wa nyumba, wanakozikwa wanaume, ingawa kaburi lenyewe lilikuwa fupi kuliko jembe.

Wanawake walipolia kaburini, dume alikuwa juu ya paa letu. Alijibu. Wakalia, akajibu. Vijana wakaokota mawe. Mama mdogo, aliyekuwa akilia pamoja nasi, alitoka mbio, akamfukuza kwa ufito mpaka akashuka, akamkamata, akamweka kwapani na kumfumba mdomo kwa kiganja. Alisimama hivyo pembeni mpaka mazishi yakaisha, machozi yanamshuka, mkono umebana mdomo wa ndege. Alitaka tu mama aomboleze kwa amani. Lakini niliziona nyuso za watu waliokuwa wakimtazama. Wao walimwona mtu anayenyamazisha kitu kinachojua siri yake.

Mjomba alikwenda kwa mpiga ramli upande wa pili wa Kebirigo. Alirudi na swali moja, kwamba tukumbuke ni kitu gani kilikuja mlangoni kabla ya homa kuja. Mama alikuwa na jibu kabla mjomba hajakaa chini.

Wazee walikaa uani asubuhi, baba akiwa ameitwa kutoka kazini. Alikaa kwenye kigoda, kofia magotini, akiizungusha. Mama mdogo alikaa chini, mbele ya watu. Nyanchama, ambaye hakujua lolote, alikuwa amemwendea mama yangu kama alivyozoea, amemshika gauni, na mama alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa chake bila kumtazama. Niliitwa. Mzee mmoja, sauti yake ya upole sana, aliniambia nisiogope.

"Yule ndege siku ile, kuna mtu aliyemwita?"

Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umekauka. Kama ningesema ni mimi, basi ni mimi niliyekileta kifo ndani ya nyumba. Nami wakati ule niliamini hivyo. Sikuwa nikijitafutia kisingizio. Niliamini kabisa kwamba nimemuua ndugu yangu kwa mluzi.

"Hapana. Alikuja mwenyewe."

"Mmesikia," mzee aliwaambia wenzake. "Hakuitwa. Basi alitumwa."

Walimuuliza mama mdogo ana la kusema. Alisema ndege ni wa omogaka, yeye anawalisha tu. Wakamuuliza tena. Alinitazama mimi muda mrefu. Kisha akamtazama Nyanchama, pale alipokuwa amesimama. Akasema, "Sina neno."

Hawakumpiga, hawakuchoma nyumba yake, na wengine walisema huo ulikuwa ungwana. Walisema arudi kwao. Mtoto angebaki, maana kwetu mtoto ni wa boma lililotoa ng'ombe wa mahari. Baba alinyanyuka, akachukua panga, akawachinja wale ndege watatu nyuma ya migomba, na hakuna aliyekula. Walitupwa shimoni wakafukiwa. Mama mdogo alifunga nguo zake katika kanga, akapiga magoti akamnyonyesha Nyanchama mara ya mwisho, bila haraka, watu wakimngoja. Kisha akamkabidhi kwa mama yangu kwa mikono miwili, akashuka kwa ile njia iliyoota nyasi.

Homa haikuisha. Watoto wengine wawili walikufa baada ya hapo, mmoja wao wa Kerubo. Ndege walikuwa shimoni. Hakuna aliyelitaja hilo, na mimi nilikuwa na miaka tisa, nikanyamaza.

Nyanchama alilala kitandani kwangu. Usiku wa kwanza na wa pili alilia, wa tatu mama aliamka akamfunika blanketi la Ongeri, akanyamaza. Mama alimlea vizuri. Hakumbagua katika chakula wala nguo, akamwita "binti yangu", na Nyanchama akamwita mama. Nilifurahi kwa ajili yake, na kila nilipofurahi nilijisikia vibaya zaidi. Baba alirudi kazini Nyansiongo na hakuoa tena.

Miaka kumi baadaye nilikuwa nimeolewa na nina mtoto mchanga. Mwanamke mmoja muuza vyungu sokoni, akizungumza habari za Nyacheki, alimtaja Kwamboka binti wa fulani, aliyeachika zamani, anayekaa kwa kaka yake. Nilirudi nyumbani na vyungu viwili nisivyovihitaji. Mwezi uliofuata nilimwomba mama anipe Nyanchama anisaidie kulea kwa wiki moja. Sikumwambia tunakwenda wapi. Tulipanda basi hadi Kisii, tukapanda jingine, na tukamalizia kwa miguu, Nyanchama amembeba mwanangu mgongoni, akiniuliza kila baada ya kilima kama tumefika.

Mama mdogo alikuwa jikoni anakoroga uji. Nywele zilikuwa nyeupe, ingawa hakuwa na umri huo. Alisema "Moraa" kabla sijamsalimu. Alitazama nje, akamwona yule msichana akimbembeleza mtoto kivulini mwa nyumba, na hakuuliza ni nani. Alirudi kwenye chungu, akaendelea kukoroga.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. "Mama mdogo, yule ndege nilimwita mimi."

"Najua," alisema. "Nilikuwa kwenye migomba, nakata majani. Nilikuona ukimpigia mluzi."

"Na mbele ya wazee hukusema?"

Aliupakua uji kwanza. "Mimi ningeondoka tu, Moraa. Walikuwa wameshaniondoa kabla hawajakaa. Kama ningesema, mama yako angeaibika mbele ya watu kwa ajili yangu, kaburi la mwanawe bado bichi. Na mtoto wangu alikuwa anabaki mikononi mwake." Alinipa kikombe. "Alimpiga?"

"Hapana. Alimfunika blanketi la Ongeri."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, mara nyingi. Kwa miaka kumi nilikuwa nimedhani kwamba mimi ndiye niliyenyamaza siku ile. Pale jikoni ndipo nilipoelewa kuwa tulinyamaza wawili. Mimi nilinyamaza kwa kuogopa fimbo, yeye kwa kumtafutia mtoto wake mahali pa kulala.

Alitoka nje na ndizi mbivu kwenye ungo. Nyanchama alizipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akasema, "Asante, nyanya," kwa sababu ya zile nywele. Mama mdogo hakumsahihisha. Alikaa chini karibu naye, akamwomba ampe mtoto ili ale vizuri, akampakata mwanangu.

"Utamwambia wewe," aliniuliza, "au nimwambie mimi?"

Nilisema nitamwambia mimi. Nilimwambia pale pale, yote, hata mluzi. Nyanchama aliacha kula. Alimtazama mama mdogo, akanitazama mimi, akauliza kama tutarudi nyumbani leo.

Mama mdogo ndiye aliyemjibu. "Ndiyo, mwanangu," alisema. "Basi linaondoka saa tisa."